Mwalimu wa Nusu ya Nusu

Mwambie mwanafunzi wa Kidato cha Nne kwamba iodini-131 ina nusu-maisha ya siku 8. Mfafanulie: ukiwa nayo gramu 80 leo, baada ya siku 8 zitabaki 40. Sasa muulize hizo 40 zitakwisha lini. Wengi hujibu bila kusita: baada ya siku 8 nyingine. Nusu ya kwanza imechukua siku 8, nusu ya pili nayo itachukua siku 8, jumla siku 16, basi.

Mwalimu mwenye haraka hulifuta jibu hilo papo hapo na kuandika lililo sahihi. Mwalimu fundi hulipokea, huliandika kwenye kona ya ubao, hulizungushia duara, kisha huendelea na somo kana kwamba hajasikia kitu. Jibu hilo analifahamu, maana hukutana nalo kila mwaka. Anajua pia kwamba aliyelitoa si mjinga. Nyumbani kwao gunia la unga likifika nusu kwa wiki mbili, wiki mbili zinazofuata linakwisha, na hajapata kuona gunia likifanya vinginevyo. Ukimwambia tu kwamba amekosea, atakariri sahihisho lako mpaka siku ya mtihani, na mtihani ukipita atarudi kwenye gunia lake.

Ugumu wa mada hii wanaujua wanaoifundisha. Atomu haionekani. Shule nyingi hazina chanzo cha mionzi wala kipima mionzi. Isotopi zinazotajwa vitabuni nazo hazifuati kengele ya shule: urani-238 hupungua kwa nusu katika miaka karibu bilioni 4.5, na teknetiamu-99m, inayotumika hospitalini, katika saa 6. Juu ya hayo, wazo lenyewe linapingana na akili ya kawaida. Linamtaka mwanafunzi akubali mambo mawili kwa pamoja: kwamba kuhusu atomu moja hakuna anayeweza kusema itameguka lini, na kwamba kuhusu atomu nyingi tunaweza kusema karibu kwa uhakika zitakazokuwa zimebaki saa fulani. Ni rahisi kuyaandika ubaoni. Kumfanya kijana wa miaka 17 ayaamini yote mawili ndiyo kazi.

Aliyeanza kulipima jambo hili naye hakuziona atomu. Mwaka 1900, Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, alikuwa akichunguza gesi inayotoka kwenye misombo ya thoriamu. Gesi hiyo huifanya hewa ipitishe umeme, hivyo Rutherford alipima mkondo wa umeme kadiri gesi ilivyopungua nguvu. Baada ya dakika moja hivi mkondo ulikuwa umeshuka hadi nusu. Dakika nyingine ikapita, ukashuka hadi nusu ya ile nusu, na kuendelea. Leo tunaijua gesi ile kuwa ni radoni-220, yenye nusu-maisha ya sekunde 56 hivi. Kufikia mwaka 1902, yeye na mkemia Frederick Soddy walikuwa wameeleza kinachotokea: elementi moja inageuka kuwa nyingine, na mionzi ni dalili ya mgeuko huo. Namba zilitangulia, maelezo yakafuata. Mwalimu fundi hufuata mpangilio huohuo. Fasili ya nusu-maisha huiweka akiba mpaka wanafunzi wawe na namba zao wenyewe mkononi.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja la wanafunzi 40 nikamtazama mwalimu wa namna hii akifanya kazi. Lile swali la gramu 80 alikuwa ameshaliuliza, na jibu la siku 16 lilikuwa kwenye kona ya ubao, ndani ya duara. Mezani kwake palikuwa na kiroba kilichojaa michemraba midogo ya mbao, 240 kwa jumla, iliyokatwa na seremala wa jirani kutokana na vipande ambavyo vingeishia jikoni kama kuni. Kila mchemraba ulikuwa umepakwa rangi upande mmoja tu kati ya pande zake sita, na rangi yenyewe ilikuwa rangi nyekundu ya kucha. Wanafunzi waligawanywa makundi manane, kila kundi likapewa michemraba 30 na kopo tupu. Maagizo yalikuwa mafupi: tikisa, mwaga mezani, ondoa yote iliyoonyesha wekundu juu, hesabu iliyobaki, andika, rudia. Katika maagizo hayo hakuitaja atomu. Hakutaja hata kichwa cha mada.

Kabla ya raundi ya kwanza aliuliza, "Ni mchemraba upi utatoka mwanzo?" Wakacheka. "Sawa, basi itatoka mingapi?" Hapo wakanyamaza, vichwa vikafanya hesabu, na sauti moja ikasema mitano, kwa kuwa 30 kugawanya kwa 6 ni 5. Mwalimu akaitikia kwa kichwa tu. Swali la kwanza halikuwa na jibu, la pili lilikuwa nalo, na mada nzima ilikuwa imekwishapita mbele yao pasipo wao kujua.

Wakamwaga. Kundi moja likapoteza miwili, jingine likapoteza tisa. Msichana wa kundi la miwili akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi tumekosea?" Ni swali ambalo mwalimu asiyejiandaa hulijibu kwa kusema "rudieni", na kwa neno hilo moja akaliua somo. Huyu alisema, "Andika mlichopata." Kisha akachora jedwali ubaoni, akaweka matokeo ya makundi yote manane, akajumlisha. Michemraba 240 ilikuwa imebaki 198. Hesabu ya kichwani ilitabiri 200. Kila kundi lilikwenda njia yake, lakini yote manane kwa pamoja yaliikaribia namba iliyotarajiwa. Akawaacha waitazame ile jumla, kisha akasema jambo moja tu la nyongeza: gramu moja ya iodini-131 ina atomu ambazo hesabu yake ni tarakimu 22. Kama vipande 240 vya mbao vinaweza kutii kiasi hiki, zile zitatii kiasi gani?

Raundi ziliendelea na ubao ukajaa: 240, 198, 166, 140, 114, 95, 80, 66, 56. Kila mwanafunzi akachukua karatasi ya grafu na kuziweka nukta zake. Baada ya nukta kukamilika rula zikaanza kutoka kwenye mikebe, na mwalimu akasema, "Rula ziwekeni chini. Mkono mtupu." Mwanafunzi anayeunganisha nukta kwa rula huwa ameamini kwamba kila nukta ni ukweli kamili. Anayepitisha mkunjo laini katikati yake ameanza kutofautisha kanuni na bahati ya siku hiyo. Mikunjo mingine ilitoka na nundu, ikafutwa, ikachorwa tena. Mwalimu alizunguka kati ya madawati bila kumshikia mtu penseli.

Halafu likaja swali ambalo kipindi chote kilikuwa kikilisubiri. Mwalimu alitaka kila mmoja achague namba yoyote ya kuanzia kwenye mkunjo wake, apime raundi ngapi zinahitajika ili namba hiyo ifike nusu. Wa kwanza alianza na 240 kwenda 120, akapata raundi tatu na robo tatu hivi. Mwingine alianza na 200 kwenda 100, akapata hizohizo. Wa tatu, mbishi kidogo, alianza katikati, 160 kwenda 80, akapata hizohizo tena. Minong'ono ikaanza. Waliotofautiana kila kitu, pa kuanzia na pa kuishia, walikuwa wamekutana kwenye muda uleule. Ukitafuta kwa hesabu za kalamu, mchemraba wenye nafasi moja kati ya sita ya kutoka una nusu-maisha ya raundi 3.8. Vijana wale walikuwa wameipata kwa rangi ya kucha na mkunjo uliochorwa kwa mkono.

Hapo ndipo mwalimu aliporudi kwenye ile kona ya ubao. "Nani anataka kulibadilisha hili?" Alisimama kijana yuleyule aliyelitoa. "Mwalimu, siku 16 haziimalizi. Inabaki nusu ya nusu." Akapewa dasta alifute mwenyewe. Ningetaka kila anayesomea ualimu aione dakika ile: mwalimu alikuwa amekaa na kosa ubaoni kwa zaidi ya nusu saa, akijizuia, ili aliyelifanya ndiye alifute.

Somo halikuishia hapo, na sehemu iliyofuata ndiyo niliyoiona kuwa ya juu kabisa kiufundi. Kundi moja lilikuwa limebaki na mchemraba mmoja tu ambao haukutaka kutoka. Wakaumwaga, haukuonyesha wekundu. Wakarudia mara nyingi, wapi. Makundi mengine yakasogea kushangilia, na mtu akapaza sauti, "Sasa hivi lazima utoke, umezidi!" Mwalimu akainua mkono, kukawa kimya. "Kwa nini lazima?" Kwa sababu umekaa muda mrefu, Mwalimu. "Upande mwekundu umeongezeka?" Hapana. "Basi nafasi ya kutoka raundi ijayo ni ngapi?" Ikachukua muda kabla mtu hajasema, kwa sauti ya mashaka: moja kati ya sita. Ileile ya mwanzo.

Wazo hili ndilo roho ya mada. Kiini cha atomu hakizeeki. Kilichodumu miaka elfu moja bila kumeguka hakijachoka, wala hakidaiwi chochote. Nafasi yake ya kumeguka kesho ni sawa na ya kiini cha namna yake kilichoundwa asubuhi hii. Mwaka 1905 mwanafizikia wa Austria, Egon von Schweidler, ndiye aliyeliweka wazi kwa lugha ya hesabu kwamba kumeguka ni jambo la nasibu lenye uwezekano usiobadilika. Ndiyo maana nusu-maisha haibadiliki: kila kiini kina nafasi ileile kila wakati, kwa hiyo kundi lolote, liwe kubwa au dogo, jipya au la zamani, kwa wastani hupungua kwa sehemu ileile kwa muda uleule. Mwanafunzi aliyeelewa kisa cha mchemraba mmoja mkaidi amepata kile ambacho fomula imekibeba tumboni.

Ufundi mwingine wa mwalimu huyu ni wa mambo madogo ambayo mtu wa nje hawezi kuyaona. Chukua maswali ya mtihani. Swali linasema gramu 80 zimebaki 10, nusu-maisha ngapi zimepita? Mwanafunzi anaandika 80 → 40 → 20 → 10, anahesabu namba, anazikuta nne, anajibu nne. Ni kosa linalowapokonya alama hata wanaoelewa. Dawa yake ni nyepesi: anawaambia waweke kidole juu ya kila mshale na kuhesabu mishale. Mishale ni mitatu. Muda uko kwenye mishale, namba ni vituo tu.

Au chukua mionzi ya mazingira. Kipima mionzi halisi hakikai kwenye sifuri hata ukikiweka mbali na chanzo chochote, kwa sababu miamba, udongo, kuta na anga vina mionzi yake. Basi kipima kikionyesha hesabu 100 kwa dakika, na kati ya hizo 20 ni za mazingira, za chanzo ni 80. Nusu-maisha moja ikipita, za chanzo zitakuwa 40 na kipima kitaonyesha 60. Anayeandika 50 amegawanya hata mionzi ya ukuta. Mwalimu huyu hulifundisha hilo kwa michemraba: kwenye zoezi la pili huwaamuru waongeze 20 kwenye kila jumla ya darasa kabla ya kuchora, kisha huwaacha wahangaike na mkunjo unaogoma kushuka chini ya 20 mpaka mmoja wao agundue la kufanya.

Kwa mwalimu asiye na seremala wa karibu, visoda vinatosha, na vina faida ambayo mbao hazina. Kisoda kikirushwa kinaweza kuangukia upande wa meno au upande wa nembo, na kwa kuwa umbo lake halilingani pande zote, huwezi kuapa kwamba ni nusu kwa nusu. Hakuna kitabu kitakachokupa uwezekano wake. Utaupata kwa kurusha, kuhesabu na kuchora, yaani kwa njia ileile ambayo mwanafizikia huipata nusu-maisha ya isotopi asiyoijua.

Kipindi cha pili kilianza na punje za mahindi. Safari hii kila kundi lilikuwa na trei, na kila mchemraba uliotoka ulipaswa kubadilishwa kwa punje moja, ili trei isipungukiwe vitu. Ni sahihisho la kimyakimya la kosa jingine kubwa, la kudhani kwamba kinachomeguka kinatoweka. Hakitoweki, kinakuwa kitu kingine. Kisha mwalimu akazibadilisha trei kati ya makundi na kuuliza: bila kuambiwa na wenzenu, semeni trei hii imepitia raundi ngapi. Trei moja ilikuwa na michemraba 8 na punje 22. Wakajadiliana: jumla ni 30, kwa hiyo ilianza na 30, robo yake ni saba na nusu, basi imebaki karibu robo, robo ni nusu mbili, nusu moja ni raundi 3.8, jibu ni saba au nane. Kundi lililoitayarisha likakiri kuwa ni nane.

"Mmeshapima umri," mwalimu aliwaambia, kisha akawapeleka Olduvai. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliliona fuvu la kiumbe wa kale, lililokuja kujulikana kama Zinjanthropus, katika bonde hilo la kaskazini mwa Tanzania. Umri wake haukupimwa kwenye mfupa. Ulipimwa kwenye majivu ya volkano yaliyoganda katika tabaka hilohilo. Ndani ya majivu kuna potasiamu-40, yenye nusu-maisha ya miaka bilioni 1.25, na sehemu ya atomu zake zikimeguka hugeuka arigoni. Lava ikiwa ya moto gesi hiyo hutoroka. Ikishaganda, arigoni inayozaliwa hunaswa ndani ya fuwele. Potasiamu ndiyo michemraba, arigoni ndiyo punje. Mwaka 1961 Louis Leakey pamoja na Evernden na Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitangaza umri wa miaka milioni 1.75. Kwa muda huo, katika kila atomu elfu moja za potasiamu-40, ni kama moja tu iliyokuwa imemeguka, na vipimo vya Berkeley viliweza kuigundua tofauti ndogo hiyo. Wanafunzi waliokuwa wamehangaika na punje 22 waliielewa kazi hiyo kuliko ambavyo picha yoyote ya fuvu ingewaelewesha.

Kutoka Olduvai hadi hospitalini ni hatua fupi kwa mwanafunzi aliyefika hapo. Kwa nini daktari anayetaka picha ya mfupa huchagua teknetiamu yenye saa 6, asichague isotopi ya miaka 30? Kwa sababu anataka mionzi itoshe kupiga picha, kisha iishe nguvu mgonjwa akiwa amerudi nyumbani. Siku moja ni nusu-maisha nne, na sehemu iliyobaki ni moja ya kumi na sita. Kwa nini mashine za kobalti-60, ambazo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ilizitumia kwa miaka mingi, huhitaji kubadilishwa chanzo? Kwa sababu nusu-maisha ya kobalti hiyo ni miaka 5.27, na chanzo kikizeeka mgonjwa hulazimika kukaa muda mrefu zaidi chini yake ili apate dozi ileile. Maswali haya hayakuandikwa ubaoni na mwalimu. Yaliulizwa na wanafunzi, yeye akayarudisha kwao wayajibu kwa mishale.

Ukihesabu maneno aliyoyasema katika vipindi vile viwili, hayafiki nusu ya yale ambayo angeyasema kwa kufundisha kutoka kitabuni. Fomula aliiandika dakika za mwisho, na ilipokelewa kama muhtasari wa jambo linalojulikana. Huo ndio umahiri ninaousifu: kujua nini kisisemwe, na mpaka lini.

Mada hii kwa kawaida hufundishwa Kidato cha Nne, mitihani ya moko ikiwa mlangoni, na mara nyingi hubanwa ikawa fasili moja na maswali matatu ya kukariri. Hapo mwalimu hana la kulaumiwa, ratiba ndiyo inayomfunga mikono. Ombi langu kwa wakuu wa shule na walimu wa taaluma ni moja: mwalimu wa fizikia akija kuomba vipindi viwili vya mfululizo na ruhusa ya kupiga kelele kidogo na makopo, mpeni. Vifaa vyake ni kiroba cha vipande vya mbao, chupa moja ya rangi ya kucha na kibaba cha mahindi. Hakuna shule inayoshindwa kuvipata.